Mti Uliopewa Mume

Mwaka ule redio haikuwa na habari nyingine. Asubuhi Elinino, mchana Elinino, na jioni, baada ya matangazo ya vifo, Elinino tena. Wataalamu walisema mvua za vuli zingeungana na za masika, upepo nao ungekuja juu yake, na kila mwenye nyumba aiangalie nyumba yake. Huku Machame watu walisikiliza wakasema mvua ni baraka, tangu lini mtu akaogopa baraka. Kisha adhuhuri moja upepo ukashuka kutoka mlimani, ukaling'oa paa la chekechea na kulitupa katikati ya migomba ya watu. Kuanzia siku hiyo baraka haikutajwa tena.

Elisifa hakungoja paa la pili. Alikuwa binti mkubwa wa Mzee Ndelilio, mwanamke aliyekwisha kuvuka umri ambao shangazi zake waliona ni wa kuolewa, muuza mitumba na maharage pale soko la Kwa Sadala, na mabati ya nyumba ile aliyanunua yeye kwa jasho lake. Mdogo wake, Ebenezeri, ndiye angerithi kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, maana ndivyo ilivyo kwa kitinda mimba wa kiume. Lakini Ebenezeri alikuwa Dar es Salaam akitafuta maisha, na mrithi aliyeko Dar hapigi misumari. Basi Elisifa akafunga kitenge kiunoni, akapanda juu ya paa mchana kweupe, wapita njia wakiangalia na kuguna, akayakaza mabati kwa waya mpaka viganja vikachubuka. Alichimba mtaro upande wa juu wa nyumba ili maji ya mlimani yapite kando. Migomba yenye mikungu aliiegemeza kwa miti. Magunia ya kahawa aliyapandisha darini, na kuni alizijaza jikoni mpaka mama yake akakosa pa kukanyaga.

Kazi zote zikaisha, ikabaki moja, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa kazi.

Nyuma ya nyumba ulisimama mringaringa mkubwa, uliopandwa na babu wa Mzee Ndelilio. Watu wawili wasingeweza kuukumbatia wakashikana mikono. Tangu mvua za mwaka uliotangulia zilipoumomonyoa ukingo, mti ule ulikuwa umeinama, na uliinamia chumba walicholala wazazi wa Elisifa. Upepo ukipita, ulikuwa ukilia kwa sauti ya mlango mbovu. Wapasua mbao wa kijijini waliitwa, wakauzunguka, wakatazama juu, wakatazama nyumba, wakakumbuka kila mmoja shughuli aliyoiacha kwake. Wa mwisho alisema wazi kwamba yeye ana watoto bado wadogo.

"Yupo mmoja anayeweza kuuangusha huu bila kugusa bati," alisema Elisifa wakiwa mezani.

Baba yake aliacha kutafuna. Mama yake, Anaeli, aliangalia sahani. Hakuna aliyeuliza ni nani, kwa sababu wote walimjua, na jina lake halikutamkwa katika nyumba ile kwa miaka miwili.

Primus alikuwa Mrombo wa Tarakea, mpasua mbao kama baba yake. Elisifa alikutana naye sokoni huko alikokwenda kununua maharage. Mvua ilimkuta, akakimbilia chini ya kibanda na kukalia mbao za mtu bila kuuliza. Mwenye mbao alipokuja, hakumwambia ainuke. Alisema tu kwamba mbao hizo zilikuwa bado mbichi na zingemchafua gauni, kisha akavua koti lake akalitandika. Elisifa alikuwa amekutana na wanaume wengi wenye maneno, wengine na magari pia, lakini mwanaume aliyetandika koti kisha akanyamaza hakuwahi kumwona. Tangu hapo safari za maharage zikaongezeka kuliko watu wa Kwa Sadala walivyoweza kuyala.

Tatizo lilikuwa moja. Primus alikuwa Mkatoliki, naye Mzee Ndelilio alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na si mzee wa kukaa benchi la nyuma. Wazee wa Primus walipokuja kutoka Rombo kuposa, aliwasikiliza wakiwa wamesimama uani, akawajibu kwamba yeye hana binti wa kupeleka Roma. Wakarudi kwao na mbege, pombe ya ndizi, waliyokuja nayo.

Sasa mzee akasema afadhali mti uwaangukie kuliko kuokolewa na mtu yule. Aliyasema hayo kwa sauti ya kufunga mjadala. Asubuhi yake mkewe alitoa godoro chumbani, akaliburuta mpaka jikoni, akalitandika kando ya kuni.

"Mama Elisifa, ndiyo nini hii?" aliuliza mzee.

"Wewe umechagua kufa na mringaringa wako," alisema mama. "Mimi sikuulizwa."

Mzee Ndelilio alilala peke yake chini ya mti unaolia, usiku mmoja, halafu wa pili. Siku iliyofuata alimwambia Elisifa, bila kumtazama, kwamba huyo mtu wake aje akate, apewe chakula, aende zake. Masharti yalikuwa kwamba yeye hatazungumza naye. Elisifa alitoka, akapeleka salamu Tarakea kwa dereva wa lori la maharage, na njiani alijigundua anaimba.

Kuna desturi ya wazee wa zamani ambayo vijana wa siku hizi wanaicheka. Mti uliokua kihambani haukukatwa hivihivi. Ulikuwa mtoto wa nyumba, na ukikatwa, ulikuwa unaozwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo mwenye mti huuendea, huuaga na kuupa mume, na mume ni yule atakayekuja na shoka. Kesho yake mwenye mti huondoka asione, na akirudi husimama juu ya kisiki akalalamika kwamba ameibiwa mwanawe. Mzee wa kanisa hapaswi kuyafanya hayo. Lakini mzee wa kanisa naye alikuwa na babu.

Jioni ya kuamkia siku aliyotarajiwa Primus, Elisifa alikuwa akirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akipita katikati ya mibuni, alipomwona baba yake chini ya mringaringa. Alikuwa amevua kofia. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa, na miguuni pake kata ya mbege ambayo sijui aliipata wapi mtu aliyehubiri dhidi ya mbege kila Jumapili. Akamwaga kidogo shinani, akauwekea mti kiganja, akaanza kusema nao kwa Kimachame, polepole.

"Mwanangu unayeondoka, sikufukuzi. Nakupa mume. Ana mikono ya kazi na hatakuaibisha. Usidhani tumekuchoka. Hapa palikuwa pako, na huko uendako patakuwa pako. Mwende salama, wewe na mumeo."

Mzigo ulimlemea Elisifa, lakini hakuweza kuutua. Alikuwa ameishi chini ya paa moja na mtu yule maisha yake yote, akamwona akisali, akigomba, akikubaliwa na kila mtu kwamba ndiye mwenye haki, lakini sauti ile hakuwahi kuisikia. Aliuonea wivu mti, na hakuona haya kwa wivu huo. Kilichofuata baada ya wivu kilikuwa hasira, na hasira ndiyo iliyomtoa katikati ya mibuni.

"Nimesikia, Baba."

Mzee alishtuka, akaisukuma kata ya mbege nyuma kwa mguu. "Haya ni mambo ya wazee. Usiyapeleke kanisani."

"Sina haja ya kuyapeleka popote. Nauliza tu. Mume uliyeupa huu mti ni nani?"

"Ni mwenye shoka."

"Mwenye shoka ana jina."

Mzee akavaa kofia yake. Elisifa alitua mzigo, akasimama mbele yake. Alikuwa mrefu kama yeye, jambo ambalo wote wawili walikuwa hawajaligundua hadi jioni ile.

"Wazee wake walitoka Rombo, Baba, hukuwakaribisha hata kuketi. Leo umesema ana mikono ya kazi na hatamwaibisha mwanao. Kumbe unajua."

"Mti hauna kanisa, Elisifa."

"Mimi ninalo. Nimebatizwa pale, nimepata kipaimara pale, na sina mpango wa kuhama. Ndoa ya mseto ipo. Nimekwenda kwa padre wao, amenieleza. Nimekwenda kwa mchungaji wetu pia, akanuna, lakini hakunifukuza. Umebaki wewe."

Hapo ndipo mzee alipokasirika kweli. Akamwambia kwamba yeye hajui anachokiomba. Binti wa Mzee Eliufoo, yule Kindness, alipokwenda kuolewa na Mkatoliki, ni yeye Ndelilio aliyesimama mbele ya usharika mzima akamtaka baba yake aondoke kwenye baraza la wazee, na Eliufoo akaondoka akilia. Walikuwa marafiki tangu utoto, na tangu siku ile hawajasalimiana.

"Leo nimwambie nini Eliufoo?" aliuliza. "Nimwambie yale yalikuwa ya binti yake tu?"

"Mwambie ulikosea."

Fimbo ya mzee, iliyokuwa imeegemezwa kwenye mti, ilinyanyuka. Ilikaa juu kwa muda, kisha mzee akaishusha mwenyewe na kumwambia atoke mbele yake. Elisifa akajitwika majani yake, akaenda kulisha ng'ombe. Hakujutia neno hata moja.

Alfajiri mzee alivaa koti la kanisani, akashuka Kwa Sadala bila kusema anafuata nini huko. Hakuwa na la kufuata. Alikuwa anaikimbia sauti ya shoka, kama desturi inavyotaka. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri, na mlima wote ulikuwa umefunikwa na wingu zito jeusi, Primus alipoingia getini akiwa na mwenzake wa msumeno, Wenseslaus, kila mmoja na kamba iliyoviringwa begani.

Alimwamkia mama kwanza. Mama akaitikia marahaba, akamuuliza habari za Tarakea na za mama yake, akazunguka nyumba kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Elisifa na Primus wakabaki wanatazamana.

"Umekonda," alisema Primus.

"Nilikuwa juu ya paa."

"Kufanya nini?"

"Kufunga mabati."

Primus alitazama paa, akaufuata waya kwa macho kutoka ncha hadi ncha. "Ni kazi nzuri," akasema, na Elisifa, ambaye wanaume walikuwa wamemsifia macho na mwendo, alihisi uso unamwaka kwa sababu ya waya.

Kazi ilichukua asubuhi nzima. Primus aliupanda mringaringa mpaka juu, akapunguza matawi ya upande wa nyumba moja baada ya jingine, akafunga kamba mbili na kuzizungusha kwenye mti mwingine upande wa mlimani. Kila alipotundika uzito wake kwenye tawi, Elisifa aliacha kupumua. Walipofika kwenye msumeno ilionekana mikono ya kushika kamba haitoshi. Elisifa akaishika moja, na mama, ambaye alikuwa amesimama mbali akinung'unika kwamba hii si kazi ya wanawake, akaja kuishika nyuma yake.

"Watu walituonya kuhusu wanawake wa Machame," alisema Wenseslaus akihema. "Hawakutuambia wana nguvu hivi."

"Vuta msumeno, wewe," alisema mama. "Onyo utalipata ukimaliza."

Mringaringa ulipasuka mara moja, kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya bonde, ukajizungusha kidogo kana kwamba unaaga, halafu ukalala pale Primus alipotaka ulale. Nyumba ilikuwa imesimama. Mwanga uliingia chumbani kwa wazazi kwa mara ya kwanza tangu Elisifa azaliwe. Mama alikaa chini kwenye nyasi, akafunika uso kwa kanga, na haikujulikana kama anacheka au analia.

Walipokuwa wakikusanya kamba, Primus alimsogelea Elisifa. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alizungumza kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza hakuchagua maneno yake.

"Twende leo. Baba yako hayupo. Mvua ikianza, daraja la bondeni litaondoka, na barabara ya huku na huku haitapitika mpaka siku aijuayo Mungu. Nimechoka kukupenda kwa salamu za madereva, Elisifa. Mama yangu ameshakutandikia kitanda."

Elisifa alimtazama. Alikuwa anampenda, hilo asidanganywe mtu. Angeweza kuingia ndani, akachukua mfuko, na jioni wakawa Himo, njia ya kwenda Rombo. Wangapi walifanya hivyo, wakarudi baadaye na mtoto mgongoni, na mambo yakaisha kwa mbuzi wa fidia.

"Siendi kwa kuibwa," alisema.

"Si kuibwa. Unakuja mwenyewe."

"Nikitoka baba hayupo, nimeibwa. Atawaambia watu hivyo, na atalala vizuri. Sitampa nafasi hiyo. Nitatoka hapa mchana, getini, yeye ananiangalia usoni."

"Na asipokubali?"

"Basi atakuwa amekataa mbele yangu na mbele yako, si kwa wazee waliosimama uani. Kaa mpaka arudi."

"Mvua inakuja."

"Nimeiona. Kaa."

Primus alishusha pumzi. Akakaa juu ya gogo, akaitoa tupa mfukoni, akaanza kunoa msumeno ambao haukuhitaji kunolewa. Wenseslaus alimtazama kwa huruma, akasema kwamba alijua ndoa ina amri zake, lakini hakujua kwamba zinaanza mapema hivi.

Mzee Ndelilio alirudi alasiri, na matone ya kwanza yalikuja naye, mazito, yakipiga vumbi. Alisimama juu ya kisiki kama mila inavyotaka. Akafungua mdomo, akalalamika kwa Kimachame kwamba wamemwibia mwanawe. Yalikuwa maneno ya desturi na aliyaanza hivyo, kwa sauti kavu ya mtu anayemaliza wajibu. Kisha macho yake yakamwona Elisifa amesimama ubavuni mwa Primus, karibu kuliko inavyoruhusiwa, na sauti ikamkatikia katikati.

Primus, ambaye Kimachame hakikuwa lugha yake, alimgeukia Elisifa. "Anasemaje?"

"Anasema umemwibia mwanawe."

Primus akavua kofia. "Mzee, shikamoo. Mimi nimeitwa, nikapita getini, watu wakiniona. Sijaiba kitu."

Mzee hakumwitikia. Elisifa akasogea mbele.

"Hakuna aliyeibwa, Baba. Leo mchana nilikuwa na nafasi ya kuibwa, nikaikataa. Nilisema nitakungoja. Namtaka huyu. Nitaolewa naye. Siombi unisaidie kuchagua, nimeshachagua. Naomba unitoe wewe, kwa kinywa chako, kwa sababu mimi ni mwanao kuliko mti."

Mvua ikashuka. Haikuja kidogokidogo, ilimwagika, na upepo ukaja nyuma yake ukiinamisha migomba yote upande mmoja. Mzee alipaza sauti kwamba kazi imekwisha, Warombo waende zao.

"Umevuka daraja sasa hivi," alisema Elisifa. "Likoje?"

Mzee Ndelilio alikuwa na kasoro zake, lakini kusema uongo haikuwa mojawapo. Aligeuka akatazama bondeni. "Maji yameshalipanda," akasema mwishowe.

"Basi hawaendi popote. Wenseslaus, ingia ndani. Primus, ingia."

"Akiingia huyu, mimi siingii katika nyumba hiyo."

"Utalowa, Baba."

"Nitalowa."

Na kweli, mzee wa kanisa mzima, na koti lake la Jumapili, akaenda akaketi juu ya gogo la mringaringa kwenye mvua ya Elinino, mikono juu ya fimbo. Wenseslaus alikuwa ameshaingia zamani. Primus alifika mlangoni, akasimama, akageuka. Alirudi kwenye mvua, akaketi kwenye lile gogo, akiacha nafasi ya heshima kati yake na mzee.

Elisifa alitaka kukimbia awatoe wote wawili. Mama akamshika mkono. "Waache," alisema. "Huyu ndiye ninayemjua, nimeolewa naye. Hatolewi. Anatoka mwenyewe."

Lakini Elisifa hakuwa mtu wa kuangalia mlangoni. Alichukua turubai, akatoka nalo, na alipowafikia akaona upuuzi wa turubai katika upepo ule, akalitupa na kuketi kati yao. Maji yaliwachuruzika wote watatu.

"Rudi ndani, Mrombo," mzee alikuwa akisema. "Utaugua."

"Siwezi kukaa ndani ya nyumba ya mtu, mwenyewe yuko nje."

"Watoto wangebatizwa wapi?"

Swali lilitoka ghafla, na Elisifa akajua kwamba ndilo lililokuwa limelala chini ya mengine yote. Aliomba kimoyomoyo Primus aseme chochote kile kitakachompoza. Primus alifuta maji usoni.

"Kwetu, Mzee. Padre alinitaka nitoe ahadi, nikaitoa. Sitakudanganya leo ili nikupate, halafu nikuumize kesho. Lakini yeye atabaki wa kwenu, na Jumapili nitamfikisha mlangoni kabla sijaenda kwangu. Watoto wakitaka kumjua babu yao na nyimbo zake, watakuja hapa. Sitawazuia mimi."

Mzee alitazama nyumba yake, mahali ambapo mti ungeangukia. "Haukuvunja hata mbuni mmoja," alisema baadaye.

"Umevunja miwili. Ipo chini ya matawi, hujaiona," alisema Primus.

Pale pale upepo ukashika bati la banda la ng'ombe, ukalifunua upande mmoja, likaanza kupiga huku ng'ombe wakilia. Wote watatu walisimama pamoja. Primus alirukia ukuta akalilalia bati kwa kifua. Mzee alilishika chini kwa mikono yote miwili, koti likipepea, akimpigia kelele Elisifa alete misumari na waya, naye alikuwa ameshafika navyo. Alipigilia yeye, kati ya wanaume wawili, nyundo ikiteleza, baba yake akimwelekeza kwa Kimachame na Primus kwa Kiswahili, na kwa maajabu ya Mungu walikuwa wanasema kitu kilekile. Bati lilitulia. Hapo hakuna aliyekumbuka nani alisema haingii wapi. Upepo uliwasukuma wote mpaka jikoni, na mzee mwenyewe ndiye aliyesukuma mlango na kutia komeo.

Mama aliwapa nguo kavu na chai bila kuuliza kitu. Nje, dunia ilikuwa inang'olewa. Ndani, paa lilinguruma lakini halikusogea. Mzee Ndelilio alikaa kwenye kiti chake, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Mvua ikitulia, watu watapita kuangalia nani amepona," alisema. "Watamkuta huyu humu ndani. Utawaambia nini?"

"Nitawaambia ni mchumba wangu, na amelala kwa baba yangu."

"Hutawaambia kitu."

Elisifa aliweka kikombe chini. Alikuwa amechoka, mifupa ilimuuma, lakini kama ni vita basi iwe vita, alikuwa tayari kuianza upya. Baba yake akanyanyua mkono kumzuia.

"Nyumba hii ina mwenyewe," alisema. "Wakibisha hodi nitafungua mimi, na watasikia kwangu kwamba Primus ni mkwe wangu. Atakayetaka kuninyang'anya kiti kanisani akichukue. Na Eliufoo sitamsubiri aje kunicheka. Nitamwendea kwake, nimwambie yale uliyoniambia nimwambie."

Mama alikuwa amegeukia moto. Wenseslaus alichunguza chai yake kwa makini sana. Elisifa alihisi machozi yanakuja na akayaacha yaje, maana mwanamke aliyepigana kiasi hicho ana haki ya kulia akishinda. Akavuta kiti, akakisogeza hadi ubavuni kwa Primus, bega likagusa bega. Baba yake alimtazama. Elisifa naye alimtazama, na hakusogea.